Gololi za Mashine ya Upepo

Treni ilisimama Dodoma kuchukua maji, nami nikashuka kunyoosha miguu tu. Nilikuwa na tiketi ya Tabora na kifurushi kimoja, na sikuwa na nia ya kulala katika mji ule. Mwanamke aliyekuwa akiuza mayai ya kuchemsha pale stesheni alinitazama sana, kisha akaniuliza kama mimi si yule Idi wa karakana, wa zamani za Mdachi. Nikamwambia ndimi. "Basi umekuja kuzika," akasema, wala hakuwa anauliza. Ndivyo nilivyopata habari kwamba Fundi Hamisi alikuwa amekufa alfajiri ile nyumbani kwake, na kwamba angezikwa baada ya sala ya alasiri. Filimbi ilipolia nilikuwa bado nimesimama na yai mkononi. Mabehewa yakapita mbele yangu moja moja kuelekea stesheni ya Zuzu, pamoja na kiti changu, na mimi nikageuka nikafuata njia ya mchanga ambayo miguu yangu iliijua kuliko mimi.

Njia ile hupita mahali palipokuwa na mashine ya upepo ya kuvuta maji. Leo hakuna kitu. Vimebaki visiki vinne vya chuma ardhini, vimekatwa kwa msumeno, na mbuzi wamelala kati yake. Kisima kimefunikwa kwa mabati ya zamani na mawe. Nilisimama hapo kidogo. Nimeishi miji mingi tangu niondoke Dodoma, na kila mji niliondoka kabla haujanizoea. Nimekuwa mpishi wa meli, mpimaji wa mazao, karani wa mnada, na kwa muda mfupi muuza saa. Watu wakiniuliza nilijifunza wapi kazi, mimi huitaja shule ya pwani. Lakini kama nilijifunza neno lolote la maana, nilijifunzia pale penye mbuzi, katika mwaka mmoja, reli ilipokuwa ngeni na vita bado havijaja.

Nyumbani kwa marehemu wanaume walikuwa wamekaa nje kwenye mikeka. Nilisalimia, nikatoa pole, nikatafuta nafasi, na mzee mmoja mwembamba mwenye masikio yaliyotobolewa akasogea bila kuniangalia ili nikae kando yake. "Mbukwenyi," akanisalimu kwa Kigogo. Nikaitikia, "Mbukwa," na hapo ndipo nilipomtambua. Alikuwa Ndahani, Mgogo niliyefanya naye kazi mwaka ule. Alikuwa amezeeka kwa namna ya miti ya kwao, yaani alikauka tu, hakuinama. Hapana, mgongo ulikuwa umepinda kidogo upande mmoja, na mimi najua ulipindia wapi. "Bado unazunguka?" akaniuliza. Nikasema bado. Akatikisa kichwa, tukasikiliza wanawake ndani wakisoma Kurani.

Mwaka ule mimi nilikuwa kijana wa miaka kama ishirini, nimemaliza shule, najua Kijerumani cha kutosha kusoma michoro ya mashine na kumwelewa mkubwa wetu akikasirika. Waliniajiri karakana ya reli ili nimsaidie Fundi Hamisi na nimfasirie. Hamisi alikuwa Mrangi wa Kondoa, mtu wa makamo, mpole, mwenye vidole vinene vilivyokuwa vyeusi hata siku ya Ijumaa baada ya kuvisugua kwa majivu. Yeye ndiye aliyeshika ufunguo wa ghala la grisi. Mkubwa wetu alikuwa Mdachi tuliyemwita Bwana Miwani. Hakuwa mtu wa kupiga kelele, na hilo ndilo lililotutisha. Ndahani alikuwa mlinzi wa mashine ya upepo, robo saa ya mwendo kutoka karakana. Kazi yake ilikuwa kukaa chini ya mnara, kutazama maji yakipanda kwenda kwenye tangi, na kuwazuia ng'ombe. Mlinzi aliyemtangulia alipigwa kwa sababu siku moja Bwana aliangalia kutoka stesheni akaona gurudumu limesimama na upepo unavuma. Kwa hiyo Ndahani alijua sheria moja kuliko zote: gurudumu lisionekane limesimama.

Mimi sikuwa na nyumba, nikala kwa Hamisi. Chumba chake kilikuwa mwisho wa safu ya vibanda vya bati vya wafanyakazi, kidogo, chenye kitanda cha kamba, sanduku la zana, na dirisha lililozibwa kwa gunia wakati wa pepo za kiangazi ili vumbi lisiingie chakulani. Ugali ulikuwa wa uwele, mweusi kidogo, na mboga ilikuwa mlenda, siku zote mlenda. Mkewe Hamisi, Mama Zena, aliukoroga mpaka ukavutika kama uzi kutoka chunguni hadi mdomoni. Mimi mtu wa pwani niliudharau mwanzoni. Tonge langu liliponikimbia na kuanguka mkekani alicheka mpaka akashika mbavu. "Usiliguse kwa woga hivyo, shemeji," aliniambia. "Ukilishika juu juu linateleza. Libane kwanza." Ndahani alikuja mara nyingi jioni kabla jua halijazama, akala nasi, na yeye na Hamisi wakatukanana kwa utani mpaka chakula kiishe. Ndahani alimwambia Hamisi kwamba Warangi wanaswali sana kwa sababu wana mengi ya kuombea msamaha. Hamisi alimwambia kwamba Mgogo akipewa mashine huitafutia malisho.

Chumbani humo nilisikia, miezi kadhaa kabla ya balaa, neno ambalo sikulitilia maanani. Mama Zena aliingia na ndoo nusu, akaitua. Hamisi akamuuliza mbona haikujaa. "Kisima kimelala," akasema. "Ndahani amesema tusubiri mpaka jua lipinde." Hamisi akaendelea kula. Mimi nikadhani ni namna ya kusema tu, kama tunavyosema jua limekwenda kulala.

Sasa nieleze mashine yenyewe. Juu ya mnara kulikuwa na gurudumu kubwa la mapanga ya bati, na nyuma yake mhimili mfupi uliozungukia ndani ya beringi mbili. Kila beringi ilikuwa na pete mbili za chuma, na katikati ya pete mviringo wa gololi zilizong'aa kama macho ya samaki mbichi. Beringi ya mbele ilibeba uzito wa gurudumu. Ya nyuma ilibeba mvuto wa fimbo ndefu ya chuma, iliyounganishwa kwa pini na kushuka kutoka juu mpaka kisimani, ikipanda na kushuka na kuvuta maji. Bwana Miwani alitueleza, nami nikafasiri, kwamba vitu hivi vikitiwa grisi safi huishi miaka mingi. Ya nyuma ilikufa baada ya miezi michache. Tulisikia kwanza mluzi mwembamba, kisha mkwaruzo, kisha siku moja mhimili ukakwama. Tulipoifungua gololi zilikuwa zimepoteza mng'aro. Zilikuwa na madoa yaliyofifia, kama mtu amezipaka masizi kwa kidole na kuyaburuta.

Bwana hakusema mengi. Alitoa beringi mpya katika kasha, akamwagiza Hamisi aongeze grisi. Hamisi aliongeza. Kila wiki alipanda mnara na kopo lake akajaza mpaka grisi ikafura kwenye kifuniko. Nayo ya pili ikafa, na ilikufa mapema kuliko ya kwanza. Ya mbele, kwa kopo lile lile na mkono ule ule, haikuugua hata siku moja.

Siku hiyo Bwana alimwita Hamisi katika ofisi yake, nami nikasimama kati yao kama ukuta wenye masikio mawili. Aliweka gololi zilizokufa juu ya meza, juu ya kitambaa cheupe. Akasema kuna watu mjini wanaopaka ngozi zao grisi ya reli badala ya mafuta ya kondoo, na kwamba fundi anayeuza grisi hujaza kopo kwa mafuta ya kondoo ili lisionekane pungufu. Nikafasiri. Hamisi alinitazama mimi, siyo Bwana.

"Mwambie sikuuza."

Nikamwambia.

"Mwambie kama grisi ni mbaya, mbona ya mbele inaishi?"

Bwana alivua miwani akaifuta. Akasema ya nyuma inavutwa na fimbo kwa kushtukiza, kwa hiyo ndiyo inayofichua grisi mbaya kwanza. Lilikuwa jibu la mtu anayefikiri. Kisha akatoa shauri lake. Beringi ilikuwa imebaki moja tu ghalani. Ataifunga yeye mwenyewe, ataijaza grisi kwa mkono wake kutoka kopo jipya, na kuziba kifuniko kwa muhuri wa madini ya risasi. Ikiishi, basi Hamisi ni mwizi, naye atakwenda bomani kupigwa kiboko na kutiwa mnyororo. Ikifa, ataangalia upya. Nilifasiri yote hayo. Mpaka leo naweza kuona kitambaa kile cheupe na kidole cha Hamisi kikikaribia kugusa gololi moja, kikarudi.

Wale waliokaa muda mrefu Ugogo wanajua kiangazi cha pale. Mvua ilikuwa imekatika mapema, na mito ilikuwa njia za mchanga tu. Maji ya tangi yalikuwa ya treni kwanza, na sisi na wanawake wa karibu tulichota yaliyozidi. Kwa hiyo fikiria hali iliyokuwa katika chumba kile. Ili Hamisi apone, mashine ilipaswa kuvunjika. Na mashine ikivunjika, hakuna beringi nyingine, hakuna maji. Mama Zena alikwenda kisimani kila asubuhi na ndoo yake na kusimama akisikiliza juu. Akirudi Hamisi hakumuuliza kuhusu maji. Alimuuliza, "Inalia?" Naye akajibu, "Hailii." Akatua ndoo iliyojaa, na wote wawili wakaitazama kama kitu kilicholetwa na adui. Mimi nililala katika kibanda cha jirani na nilisikia maombi ya Mama Zena kupitia bati. Hakuomba ivunjike. Aliomba Mungu amjue mwenye haki. Nadhani hakuthubutu kusema neno lenyewe, kwa sababu watoto wa jirani walikunywa maji yale yale.

Asubuhi za majira yale zina baridi kavu inayopasua midomo. Asubuhi moja, tukiwa tunaota moto wa vijiti kabla ya kengele, upepo ulileta mluzi. Hamisi aliinua kichwa. Mama Zena alikaa chini pale pale alipokuwa, akafunika uso kwa kanga. Mluzi uliendelea siku chache, ukawa mkwaruzo, na adhuhuri moja gurudumu likasimama likitetemeka huku upepo ukivuma vizuri. Nilidhani tungefurahi. Hamisi alichukua zana zake akatembea polepole kuelekea mnara kama mtu anayekwenda kumtazama mgonjwa wake.

Bwana alikata muhuri wa risasi mwenyewe. Grisi ilikuwa safi, ya manjano, imejaa tele, haina chembe ya mchanga. Gololi zilikuwa na madoa yale yale. Alishuka nazo, akakaa juu ya jiwe, akatoa kioo chake cha kukuzia na kuangalia moja baada ya moja kwa muda mrefu. Ndahani alikuwa amesimama na mkuki wake wa kuzuia ng'ombe. Wanawake walikuwa wamekusanyika na ndoo tupu, na Mama Zena alikuwa kati yao. Kisha Bwana akaanza kusema, taratibu, na mimi nikafasiri kwa sauti, na kadiri nilivyofasiri ndivyo nilivyoelewa.

Alisema gololi hizi hazikufa kwa kazi. Gololi iliyokufa kwa kazi huwa na vishimo. Hizi zimeburuzwa. Gololi hutembea kwa kuviringika, na kinachoiviringisha ni mzigo unaoibana kati ya pete mbili. Mzigo ukiondoka na mhimili ukaendelea kwenda mbio, gololi haibanwi. Inabaki nyuma, inateleza, inafuta mafuta yaliyo chini yake, na chuma kinagusa chuma. Na grisi ikiwa nyingi na nzito, na asubuhi ikiwa ya baridi, ndiyo kabisa, inaishikilia gololi kama matope yanavyoshika gurudumu la mkokoteni. "Nami nimeijaza mno," akasema, kana kwamba anajiambia. Kisha mzigo ukirudi ghafla, gololi inalazimishwa kuviringika juu ya makovu yake.

Akainua macho. Akasema basi fimbo imekuwa ikifunguliwa, na gurudumu likiachwa kuzunguka tupu. Siyo mara moja, kila siku. Na kila kinachofanywa kwenye mashine hii kinafanywa na fundi wake, au kwa ruhusa yake. Alimtazama Hamisi. "Mwulize nani aliitoa pini."

Nikamwuliza Hamisi. Akatikisa kichwa. Hapo nilimwona Mama Zena akimgeukia Ndahani, na nikaelewa ile "kisima kimelala." Ilikuwa imesemwa mbele yangu juu ya mlenda, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua alichokuwa akisema.

Ndahani aliegemeza mkuki kwenye mguu wa mnara. Alisema kwa Kiswahili chake cha Kigogo, na hakungoja nifasiri. "Mimi. Huyu hajui. Mchana maji yanakwisha, fimbo inavuta tope. Kisima kimechoka. Kwetu kisima cha mtoni ukichota mpaka mchanga ulie, unaondoka, unakaa, unangoja maji yarudi. Asiyengoja anakiua. Basi nilitoa pini kikapumzika. Gurudumu sikulisimamisha. Mlisema lisisimame."

Bwana alijua Kiswahili kidogo, akakielewa kile. Kwa muda nilidhani yataishia hapo, kwa kuwa uso wake haukuwa wa hasira. Aliuliza kwa nini hakusema. Ndahani akajibu, "Nani aliniuliza?" Haikuwa dharau, ilikuwa kweli. Lakini kulikuwa na beringi tatu zilizokufa, na treni zisizo na maji, na juu ya Bwana kulikuwa na mabwana wengine. Walimpeleka Ndahani bomani kesho yake. Hamsa ishirini, kama walivyoviita viboko vile ishirini na vitano. Viboko kadhaa vya mwisho vilipiga mahali pamoja, chini ya bega la kushoto, karibu na uti.

Walimrudisha akiwa ameshikwa kwapani, na Hamisi akakataa apelekwe kwingine. Alilazwa kifudifudi kwenye kitanda cha kamba katika chumba kile. Mama Zena alichemsha mafuta ya mbono, akayaacha yapoe, na Hamisi akaosha mikono, akaisugua kwa majivu, akaosha tena. Kisha akampaka. Nilikaa mlangoni nikitazama vile vidole vinene vikizunguka kandokando ya majeraha, vikigusa kidogo pale palipoiva na kubonyeza pale palipoweza kubonyezwa. Ndahani akasema, mdomo wake ukiwa umefinywa kwenye kamba, "Hamisi. Usizidishe grisi." Hamisi alicheka, na katikati ya kicheko akageuka ukutani na kukaa hivyo.

Beringi nyingine zililetwa kutoka pwani wiki kadhaa baadaye. Katikati hapo tulichota maji mtoni, na wanawake wa kwao Ndahani waliwaonyesha wake wa karakana namna ya kuchimba mchanga na kukaa na kungoja. Mashine ilipofungwa upya, Bwana Miwani aliagiza grisi nusu ya ile ya zamani. Na pini akaifunga kwa waya na kuitia muhuri wa risasi, isitolewe tena kamwe. Gololi zile ziliishi. Zilikuwa bado zinazunguka nilipoondoka mwisho wa mwaka, na naambiwa zilizunguka mpaka Waingereza walipokuja na injini ya mafuta. Kisima ndicho hakikuishi. Kilivutwa usiku na mchana bila kulala, kikatoa tope, kisha chumvi, kisha upepo.

Hayo ndiyo niliyoyawaza mkekani. Wengine wamenisikia nikisimulia kisa hiki safarini na wakaniuliza nani alikuwa na haki, Mdachi na gololi zake au Mgogo na kisima chake. Nilikuwa na majibu mengi zamani. Sasa naona kila mmoja alilinda kitu kimoja na akakijua vizuri, na kati yao palikuwa na fimbo ya chuma ambayo hakuna aliyeifikiria. Na bei ya hilo alilipa mmoja, kwa mgongo wake, ili mwingine asilipe. Hamisi hakusahau. Ndahani aliniambia pale mkekani kwamba tangu siku ile haukupita msimu wa kulima ambao Hamisi hakwenda shambani kwake kumsaidia kuinua kile ambacho mgongo ule haukuweza.

Sala ilipokwisha walilitoa jeneza. Wanaume walikuwa wakipokezana kama desturi, hatua chache kila mmoja, bega linaingia bega linatoka, na vumbi linapanda. Ndahani hakuwa mtu wa dini ile, lakini hakuna aliyemzuia. Aliingia mbele, upande wa bega zima, akalibeba, na hakuachia zamu yake. Mtu mmoja alimwambia kwa upole, "Mzee, pumzika." Akajibu, "Mtani wangu ni mzito leo. Amekula ugali wangu mwingi." Wachache wakacheka, kama inavyofaa.

Mimi nilikuwa natembea pembeni, pamoja na wale wanaofuata. Mchanga wa njia ile ni laini, na viatu vyangu vya mjini vilikuwa vikiteleza kila hatua. Kifurushi changu nilikiacha nyumbani. Sikuwa nimeshika chochote. Ndahani aligeuza kichwa kadiri shingo yake ilivyoruhusu, akanitafuta kwa macho.

"Idi," akasema. "Ingia chini."

Nikaingia. Aliyekuwa nyuma yake akatoka, ubao ukashuka begani kwangu, nao ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani. Miguu yangu ilizama mchangani, ikashika. Tukapita visiki vya mnara, mbuzi wakainuka kutupisha, na mtu mmoja akaja kando yangu kutaka kunipokea. Nilimtikisia kichwa, nikaendelea.